Kipimo cha mafuta kwenye damu: sindano safi, maelezo pungufu

Nyota tatu kati ya tano, na zote tatu ni za chumba cha kuchukulia damu. Maabara yenyewe ni ya binafsi, hapa Tanga. Siitaji jina, kwa sababu kasoro nitakayoieleza nimeiona kwenye karatasi za majibu za kwingine pia.

Nilimpeleka mama yangu, ana miaka 61 na anatumia dawa za presha. Kijana aliyempokea alimwamkia shikamoo, akamuuliza kama amekula, akaupata mshipa mara moja, kisha akaandika jina la mama kwenye kichupa mbele ya macho yetu. Hilo la jina msilichukulie dogo. Tulilipa shilingi 35,000 na majibu yakaingia WhatsApp kabla ya alasiri. Walimtaka afunge tangu usiku, ingawa tangu 2016 wataalamu wa Ulaya wanakubali kipimo hiki kifanywe hata kama mtu amekula. Kufunga kunahitajika zaidi pale trigliseridi, aina mojawapo ya mafuta ya damu, zinapokuwa juu.

Majibu yalisomeka hivi, kwa milimoli kwa lita: kolesteroli yote 7.0, LDL (ile iitwayo kolesteroli mbaya) 4.1, trigliseridi 1.1, HDL (ile iitwayo nzuri) 2.4. Hiyo HDL wameipaka kijani na kuandika pembeni: "Bora sana, moyo uko salama." LDL imewekewa mshale mwekundu, bila neno hata moja. Na pale mapokezi wanauza vidonge vya "kupandisha mafuta mazuri."

Sentensi hiyo ya kijani ndiyo iliyowakosesha nyota. Kinachosifiwa kwa HDL ni kubeba kolesteroli na kuirudisha kwenye ini. Lakini ini hupokea mzigo huo kwa kipokezi kilichoko juu ya seli zake, SR-BI, kinachofyonza kolesteroli na kuiacha HDL iende zake. Maabara ya mtafiti Monty Krieger, chuo cha MIT nchini Marekani, ilionyesha kazi hiyo mwaka 1996. Panya wakiondolewa kipokezi hicho, HDL yao hupanda na ateri zao, mishipa inayotoa damu moyoni, huziba haraka zaidi. Mwaka 2016 ikaripotiwa kwamba wapo watu wenye hitilafu ya jeni ya kipokezi hichohicho: HDL yao iko juu, na hatari yao ya ugonjwa wa moyo ni kubwa kuliko ya wengine. Ni hitilafu adimu, wala sidai mama anayo. Ninachosema ni kwamba namba ya HDL peke yake haimhakikishii mtu usalama. Torcetrapib, dawa iliyopandisha HDL vizuri kabisa, ilisimamishwa Desemba 2006 ikiwa bado kwenye majaribio, kwa sababu waliokuwa wakiimeza walikufa zaidi ya wasioimeza. Ukijua hilo, utavipita vile vidonge vya mapokezi.

Uliohitaji maneno ni ule mshale mwekundu. Daktari wa kituo cha afya tuliyempelekea karatasi alichukua kalamu akamchorea mama. LDL ikizidi hupenya kwenye ukuta wa ateri na kuharibikia humo. Makrofaji, seli za kinga zinazomeza uchafu, huikamata kwa vipokezi vya kuzoa taka, vikiwemo SR-A na CD36. Kipokezi cha kawaida cha LDL hupungua seli inapokuwa na kolesteroli ya kutosha. Hivi vya kuzoa havipungui, jambo ambalo watafiti Brown na Goldstein wa Dallas, Marekani, walianza kulifichua mwaka 1979. Makrofaji huendelea kumeza kama gari la taka lisilo na mtu wa kusema limejaa, mpaka zinavimba kwa mafuta na kuwa seli povu. Seli hizo zikirundikana, ukuta hutuna. Uvimbe ukipasuka, damu huganda juu yake, na hapo ndipo shambulio la moyo au kiharusi hutokea.

Mama akauliza, "Sasa si tuviondoe hivyo vipokezi?" Daktari akamjibu kwamba seli hizohizo zinavitumia kuzoa bakteria na seli zilizokufa, kwa hiyo njia iliyo wazi ni kupunguza LDL isifike ukutani. Akaongeza kwamba hata chembe nyekundu zenye vimelea vya malaria hujishikiza kwenye CD36 ndani ya mishipa midogo. Kwa sisi watu wa pwani hilo lilitugusa, na mama ameshalisimulia kwa majirani.

Maelezo yote hayakufika robo saa. Maabara inayotoza 35,000 ingeweza kuchapa aya moja ya namna hiyo badala ya pongezi zisizo na uhakika.

Ukitaka damu ichukuliwe kwa usafi na majibu yasichelewe, nenda. Karatasi yako mpelekee daktari anayejua presha yako, sukari yako na historia ya ukoo wenu, na LDL ndiyo uulizie kwanza. Mama ameandikiwa dawa ya kuishusha, na kipimo cha marudio tutakifanya palepale, kwa kijana yuleyule.