Maabara kwa mwanafunzi asiyeona: msaidizi au vifaa vinavyosema?

Msaidizi anayeona hupatikana upesi, na penye moto au asidi kali anafaa kweli. Tatizo ni kwamba mara nyingi yeye ndiye anayepima, mwanafunzi anabaki kuandika majibu tu.

Vifaa vinavyosema humrudishia mwenyewe kazi. Kipimajoto kinatamka nyuzi, mizani inataja gramu, na bomba la sindano lililokatwa vijialama kwenye kisukumio humwezesha kuhesabu mililita kwa ukucha. Hata titresheni, yaani kuongeza kimiminika kidogo kidogo hadi mmenyuko ukamilike, inawezekana: kiashiria (kemikali inayoonyesha mwisho huo) kikibadilika rangi, kihisi cha mwanga hubadilisha mlio wake. Ghali? Baadhi, ndiyo, lakini bomba la sindano si ghali hata kidogo.

Mimi ningetanguliza vifaa. Msaidizi abaki, ila afuate maagizo ya mwanafunzi.