Hadubini ya USB ya shilingi 68,000: miezi mitano na buibui wa milimita moja

Hadubini hii niliinunua Kariakoo nilipokuwa Dar kusahihisha mitihani. Tulipatana hadi shilingi 68,000, na muuzaji akanihakikishia kwamba inakuza mara 1,600, kama boksi lenyewe linavyosema. Ni ile ndogo kama tochi: taa nane mdomoni, waya wa USB, kistendi cha plastiki. Nimekaa nayo miezi mitano sasa, na imefanya kazi karibu kila wiki.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia Muheza. Jumamosi mbili kwa mwezi tunapanda na wanafunzi hadi upande wa Amani, kwenye milima ya Usambara, kwenye shamba la iliki la mzazi mmoja linalopakana na msitu. Tunazoa majani yaliyooza chini ya miti, tunayachekecha juu ya shuka jeupe, halafu tunainama na kutulia. Mwenye haraka haoni kitu. Baada ya dakika moja hivi, chembe mojawapo ya vumbi inaanza kutembea. Unaigusa na ncha ya brashi iliyoloweshwa spiriti, inanasa, unaitia kwenye kichupa.

Kwa ajili ya chembe hiyo ndiyo nikanunua hadubini.

Nianze na hizo mara 1,600. Niliweka rula chini ya lenzi, nikakuza hadi mwisho. Skrini nzima ilionyesha milimita 3. Skrini ya laptop yangu ina upana wa sentimita 30, kwa hiyo ni mara 100, basi. Mara 100 si haba hata kidogo, na ningeinunua hata kama boksi lingesema ukweli. Ila mzazi anayejibana kumnunulia mtoto kifaa cha shule hastahili kudanganywa namna hii.

Sasa uzuri wake. Buibui wa kwanza tuliyemweka alikuwa wa rangi ya chungwa iliyokolea, urefu milimita 1.3. Msichana wa kidato cha tatu aliikazia macho skrini, kisha akasema, "Madam, huyu ana macho sita tu." Nikahesabu, nikarudia. Sita kweli, yamesongamana mbele ya kichwa, wakati buibui wengi wana manane. Tumbo lake limefunikwa na bamba gumu juu na jingine chini, kama kobe. Macho sita, mabamba mawili, umbo dogo namna hiyo: tulikuwa tunamtazama mmoja wa familia ya Oonopidae. Darasa zima liliona kwa pamoja, bila kupanga foleni kwenye tundu moja la kuchungulia. Kwa hilo peke yake pesa yangu imerudi.

Lakini familia si spishi, na hapo ndipo kifaa hiki kinapoishia. Rangi ya buibui hudanganya, ukubwa nao hudanganya. Spishi zinazofanana hutenganishwa zaidi kwa viungo vya uzazi, na kwa dume unatazama palpi, vile vikono viwili vifupi vilivyo karibu na mdomo. Buibui wetu mwingine palpi zake zilikuwa zimevimba kama glavu za bondia, laini, hazina umbo lolote. Maana yake ni dume ambaye hajajivua gamba mara ya mwisho, bado mtoto. Huwezi kumpa jina. Hadubini ilituonyesha hilo wazi, ikatuepusha kupoteza wiki nzima tukimlinganisha na michoro.

Dume aliyekomaa tulimpata Januari. Palpi yake nzima ilikuwa kama milimita 0.2, yaani sentimita 2 kwenye skrini, na sentimita hizo zote zilikuwa ukungu. Ukiilenga ncha, shina linapotea. Ukigusa gurudumu la kulengea, kistendi kinatikisika na buibui anatoka kwenye picha. Nilihangaika naye hadi saa nne usiku. Wiki iliyofuata chuo kimoja kilinikubalia nitumie hadubini yao ya macho mawili, na pale nikaiona ncha ya palpi: nyembamba kuliko unywele, imejipinda kama ndoana, na pembeni yake kuna kijino kimoja. Kijino kile kwenye picha zangu hakipo kabisa.

Ukiinunua, kistendi kiweke kando, ifunge kwenye kitu kizito. Taa zake zinameremeta mno juu ya spiriti, kwa hiyo zungushia mdomo wake karatasi ya tishu, mwanga utulie. Na ndani ya kisahani cha spiriti, chini kabisa, tandaza mchanga laini uliooshwa vizuri. Wa kwetu tuliuchota ufukweni Tanga. Buibui unamchomeka mchangani, anasimama upande unaoutaka badala ya kuelea na kugeuka.

Mwenzi wa hadubini hii ni World Spider Catalog, orodha iliyoko mtandaoni inayotunzwa na jumba la makumbusho la historia ya asili mjini Bern, Uswisi. Hailipishwi. Ina spishi zaidi ya 50,000, kuanzia majina aliyoyatoa Clerck, mtaalamu wa Uswidi, mwaka 1757, na ukijisajili unasoma maelezo ya awali ya spishi pamoja na michoro yake. Humo wanafunzi wangu walikuta buibui wa misitu ya milima yetu ya Afrika Mashariki waliopewa majina na mtaalamu wa buibui Bernhard Huber mwaka 2003: Buitinga amani, Buitinga mazumbai, Buitinga kadogo. Hilo la mwisho walilisoma kwa sauti mara tatu. Hawakujua kwamba neno wanalolitumia nyumbani linaweza kuwa jina la kisayansi.

Hadubini yenyewe nimeipa nyota tatu kati ya tano. Kwa buibui warukaji wa ukutani, wenye milimita tano hivi, ningeipa tano. Kwa hawa wa majani makavu, inakufikisha mlangoni.

Wanafunzi wananiuliza kila wiki kama dume wetu ni wa spishi mpya. Nawaambia bado hatujui: lazima alinganishwe na ndugu zake wote wenye majina, aelezwe kwa maandishi yatakayochapishwa, na yeye mwenyewe atunzwe kwenye jumba la makumbusho ili wengine wamkague. Kwa sasa yuko kwenye kichupa cha spiriti ndani ya droo yangu, na kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli, maana wino huyeyuka: mahali, tarehe, mwinuko, jina la aliyemwokota. Jumamosi hii tunarudi kwenye shamba la iliki kumtafuta jike.