Mbwa Anayevuta Kamba: Kifaa Gani Kinunuliwe Kwanza Mombasa

Mbwa huvuta kamba kwa sababu kuvuta kunamlipa. Mwendo wake wa kawaida ni wa kasi kuliko wetu, na kila anapoikaza kamba akafika kwenye nguzo aliyotaka kuinusa, huwa amejifunza kwamba njia ya kufika ni kuvuta. Kifaa kinachofaa kununuliwa, basi, ni kile kinachomwondolea faida hiyo bila kumwumiza, na kwa kipimo hicho ndivyo vilivyopangwa vifaa hivi, kuanzia kinachostahili fedha yako hadi kile ambacho hata ukipewa bure ni heri ukikatae.

Mombasa nayo ina masharti yake. Hewa ya chumvi hula vyuma, na joto la kaskazi, hasa kati ya Desemba na Machi, humchosha haraka mnyama anayepoza mwili wake kwa kuhema. Kisha kuna watu. Anayemtembeza mbwa Kizingo kuelekea bustani ya Mama Ngina iliyo kando ya bahari saa za jioni hukutana na familia zilizotoka kupunga upepo na wauzaji wa mihogo na madafu, na wengi wao ni Waislamu ambao mate ya mbwa kwao ni najisi inayooshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Mbwa anayemrukia mpita njia na kumlowesha kanzu Magharibi ikikaribia amemtia taabu halisi, na lawama ni ya mwenye mbwa. Hapa kwetu, kumdhibiti mbwa ni sehemu ya ujirani mwema.

Nafasi ya kwanza ninaupa mkanda wa kifuani wenye pete mbele, yaani ule ambao kamba hufungwa penye kidari na si mgongoni. Mbwa akijitupa mbele, nguvu yake mwenyewe humgeuza ubavu na kumwelekeza kwako, na hivyo kuvuta hakumfikishi popote. Shingo nayo husalimika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba shinikizo ndani ya macho ya mbwa hupanda wanapovuta kwa kola, lakini halikupanda kwa kiwango cha kutajika walipovuta kwa mkanda wa kifuani. Kwa mbwa wadogo wenye koromeo dhaifu, na kwa wale wenye pua bapa, hilo pekee linatosha kuamua.

Hata hivyo, mikanda hii haifanani, na hapa ndipo wanunuzi wengi hupoteza fedha. Utazame kwa mbele: kanda zikikutana juu ya mfupa wa kidari na kuyaacha mabega huru, huo ni mzuri; lakini ukanda mmoja ukipita mlalo juu ya mabega yote mawili, mbwa atatembea kwa hatua fupi kama aliyefungwa miguu. Mpime mbwa kifua nyuma ya miguu ya mbele kabla ya kwenda dukani, kwa maana maneno kama “wa kati” na “mkubwa” hubadilika kutoka mtengenezaji mmoja hadi mwingine. Akishauvaa, vidole viwili vipite chini ya kila ukanda bila kusukumwa. Kisha shika pete ya mbele, uivute pole pole upande wa kushoto na wa kulia. Mkanda ukihama hadi kwapani, au bizimu ikilegea na kuuachia utepe uteleze, urudishe pale pale. Chagua utepe wa nailoni ulio wazi badala ya ule uliojazwa sponji nene, ambao hunasa joto na kukaa na unyevu hadi nywele za kwapani zinyonyoke.

Hatamu ya kichwa, ile inayozunguka pua na kufungwa nyuma ya masikio, inashika nafasi ya pili. Miongoni mwa majina yanayojulikana ni Halti na Gentle Leader. Huelekeza kichwa, na kichwa kinapoelekea mwili hufuata, kwa hiyo humfaa mtu asiye na nguvu nyingi anayemwongoza mbwa mkubwa kama German Shepherd. Haikupata nafasi ya kwanza kwa kuwa mbwa wengi huichukia mwanzoni, hivyo huna budi kumzoesha kwa siku kadhaa, kidogo kidogo, kwa vipande vya chakula. Tena haitakiwi kamwe kuvutwa kwa ghafla, wala kutumiwa na kamba ndefu, kwa maana shingo inaweza kuumia. Wapita njia huidhani kuwa ni kifungo cha mdomo na kumkwepa mbwa, jambo ambalo mimi silioni kuwa hasara.

Kola ya kawaida, pana na bapa, ni ya tatu: inamtosha mtoto wa mbwa ambaye bado hajajifunza kuvuta, na kila mbwa aivae kwa ajili ya kibati chenye namba ya simu ya mwenyewe. Iandamane na kamba ya mita moja na nusu hadi mbili. Kamba ya katani, zao linalolimwa jirani yetu Vipingo, ni imara na rahisi, lakini mbwa akiiponyoa kwa kasi hukuchuna viganja. Ni afadhali kumpa fundi wa mikoba utepe bapa wa nailoni akushonee, mradi kikulabu ukinunue wewe. Nenda na sumaku ndogo: ikinasa, mara nyingi hicho ni chuma kilichong’arishwa juu tu, na kutu haitachelewa. Shaba nyeupe ngumu au chuma kisichoshika kutu hudumu zaidi.

Mkanda wenye pete mgongoni pekee unamstarehesha mbwa, lakini kwa mvutaji ni kumpa mahali pazuri pa kutilia nguvu. Mbwa wa kuburuta magari ya theluji hufungwa kwa namna iyo hiyo. Ununue kwa mbwa mdogo asiyevuta. Kamba ya kujikunja ndani ya mshikio iko chini zaidi, kwa sababu huwa imekazwa daima, na mbwa hujifunza kwamba akivuta kidogo kamba hurefuka. Katika barabara yenye bodaboda na tuktuk, mita tano za uzi mwembamba ni hatari kwa kila mtu.

Minyororo ya kukaba, kola za meno na kola za umeme ziko mwisho, na sizipendekezi kwa yeyote. Hufanya kazi kwa maumivu, na mbwa anayeumia kila anapomwona mtu anaweza kujifunza kumwogopa au kumchukia mtu huyo. Wales ilipiga marufuku kola za umeme mwaka 2010.

Kifaa chochote utakachochagua, kamba ikikaza simama. Ikilegea, endelea, na mpe kipande cha chakula anapokuwa kando ya goti lako. Toka alfajiri au baada ya saa kumi na moja jioni, lami ikiwa imepoa kiasi cha kukiweka kiganja juu yake bila kukiondoa. Mkitoka ufukweni Nyali au Bamburi, suuza mkanda na vikulabu kwa maji baridi ya mfereji, kisha uanike kivulini, kwa sababu jua kali hudhoofisha nyuzi za nailoni, na mshono ulio karibu na pete ndio unaostahili kukaguliwa kabla ya kila matembezi.