Mafuriko ya miaka 100: kituo kimoja au kanda nzima?

Mafuriko ya "miaka 100" yana uwezekano wa asilimia 1 kutokea mwaka wowote. Ndani ya miaka 30, uwezekano huo unafika karibu asilimia 26. Tuyakadirieje?

Ukitegemea kituo kimoja cha kupimia mto, unachukua kilele cha kila mwaka (mtiririko mkubwa kuliko yote wa mwaka huo) na kuvitafutia vilele hivyo mgawanyo wa kitakwimu unaovifaa, yaani kanuni inayoonyesha kila ukubwa wa mafuriko una uwezekano gani. Ni rahisi, na mto unajisemea wenyewe. Tatizo ni kwamba kumbukumbu za miaka 30 zina machache ya kusema kuhusu tukio la miaka 100: gharika moja ikiongezwa au ikikosekana, makadirio yote yanayumba.

Njia ya kikanda, aliyoieleza mhandisi wa Marekani Tate Dalrymple mwaka 1960, hukusanya vituo vya mito inayofanana. Vilele vya kila kituo hugawanywa kwa wastani wake, kisha vyote husomwa pamoja. Hata mto usiopimwa hupata makadirio, kupitia ukubwa wa bonde na mvua yake. Ila vituo jirani hupigwa na dhoruba ileile, kwa hiyo vituo 20 si mashahidi 20 (jambo linalosahaulika mno).

Binafsi ningechagua ya kikanda, isipokuwa penye kumbukumbu ndefu kweli, au palipojengwa bwawa upande wa juu wa mto, kabla ya kituo.