Bima ya Afya ya Kibinafsi Ukiwa na PCOS: Niliyoyaona Nakuru

Nianze na hukumu ili mwenye haraka aende zake. Kama una PCOS, ule ugonjwa wa homoni na ovari unaovuruga hedhi, na unataka kujinunulia bima ya afya kwa pesa yako, chukua ya kulazwa. Ile ya matibabu ya nje, ambayo mawakala huipigia debe kweli kweli, ipigie hesabu kwanza. Nimewahi kuwa nazo zote mbili. Sasa nimebaki na moja.

Kampuni siitaji. Kabla ya kulipa nilisoma vijitabu vya masharti vya kampuni kadhaa, na kwa ugonjwa huu tofauti zao ni ndogo. Ukibadilisha jina la juu, mengi hapa chini yatabaki yalivyo.

Awali nilikuwa karani wa hesabu kwenye shamba la maua Naivasha. Bima ya kule ilikuwa ya wafanyakazi wote, na hakuna aliyeniuliza naumwa nini. Hedhi ilipopotea miezi mitatu, ikarudi, ikapotea tena, na ndevu zikaanza kuota kidevuni, nilipeleka kadi tu na nikapimwa. Nilipoacha kazi nikarudi Nakuru kushika vitabu vya wenye maduka na vya sacco moja ya matatu, kadi ilizimwa mwezi uleule. Kwenye bima ya kundi mzigo wa mgonjwa mmoja unabebwa na mamia ya wazima. Ukija peke yako unatazamwa wewe tu, na fomu inataka kujua kila kitu: presha, kisukari, homoni, uzazi, upasuaji wa zamani.

Wakala wangu alikuwa kijana mchangamfu, tukakutana mkahawani Kenyatta Avenue. Nilipofika kwenye swali la homoni akanikatiza.

"Madam, hapo weka tu 'hapana'. Nani atajua?"

"Na faili langu la hospitali?"

Akacheka, akaagiza chai nyingine.

Niliandika "ndiyo", na ningemshauri hivyo dada yeyote. Kampuni ikigundua baadaye kwamba ulificha, inaweza kukataa dai na hata kuifuta bima nzima, na siku hiyo uko kitandani, wakala simu yake haishiki. Kwa sababu nilisema kweli, nilipewa mwaka mmoja wa kusubiri kwa lolote linalohusu PCOS, na baada ya hapo ugonjwa ukawekwa kwenye kikapu cha magonjwa sugu, chenye kikomo chake kidogo ndani ya kile kikubwa cha kulazwa. Ada haikuongezwa. Nililiona hilo kuwa sawa.

Kwa asiyeujua ugonjwa wenyewe: daktari huangalia mambo matatu, yaani yai kutopevuka kwa mpangilio (hedhi inayoruka), homoni za kiume kuzidi (ndevu, chunusi sugu, au kipimo cha damu), na ovari zenye vifuko vingi vidogo kwenye picha ya ultrasound. Ukiwa na mawili kati ya hayo, na magonjwa mengine yenye dalili kama hizo yakaondolewa, basi unayo. Ni vigezo vilivyokubaliwa Rotterdam mwaka 2003 na bado ndivyo msingi. Maana yake ni kwamba mwenye hedhi inayoruka na ndevu hahitaji hata hiyo ultrasound ili aambiwe ana PCOS, ingawa hospitali nyingi zitakupeleka tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa tunao asilimia 10 hadi 13 ya wanawake wa umri wa kuzaa, na kwamba hadi asilimia 70 yetu hatujui. Kwa hiyo si ugonjwa wa ajabu wala wa laana, shangazi yangu anisamehe.

Sasa tuje kwenye misimbo, maana humo ndimo pesa zangu zilimopotelea. Kila dai linaloenda kwa kampuni ya bima linabeba msimbo wa ugonjwa. PCOS ni E28.2. Kukosa hedhi ni N91. Utasa wa mwanamke ni N97. Shughuli za kupanga uzazi ni Z30. Anayelipa madai hakujui. Anasoma huo msimbo na kuulinganisha na orodha ya wasivyolipia. Na karibu kila orodha niliyoisoma ilikuwa na vitu vinne vinavyomgusa mwenye PCOS moja kwa moja: matibabu ya utasa, kupanga uzazi, kupunguza uzito, na urembo.

Mwaka wa kusubiri ulipokwisha nilienda kliniki iliyo kwenye orodha yao. Nikamuuliza daktari, kwa udadisi tu, kama hali hii itanizuia kupata mtoto siku zijazo. Yeye akaandika N97. Dai likarudi limekataliwa, na ultrasound nikailipa mfukoni. Dada wa dawati la bima alinihurumia lakini mikono yake ilikuwa imefungwa: "Kwao hapa unatafuta mtoto, dada." Sikuwa natafuta mtoto. Nilikuwa natafuta hedhi.

Tangu hapo, kabla sijatoka chumbani nauliza, "Samahani daktari, umeandika msimbo gani?" Mmoja, mama wa makamo, alivua miwani akaniuliza kama nafanya kazi bima. Simwombi mtu aandike uongo. Nataka tu uandikwe ugonjwa nilio nao, si swali nililouliza. Tangu nianze tabia hiyo, hakuna dai la kumwona daktari lililorudi.

Dawa ni mtihani mwingine. Vidonge vyenye homoni mbili, vilevile wanavyomeza wanawake wa kupanga uzazi, ni tiba ya kawaida ya PCOS. Vinarudisha mpangilio wa damu, vinapunguza ndevu na chunusi, na muhimu kuliko yote, vinaulinda ukuta wa mfuko wa uzazi. Ukuta huo ukijengeka miezi na miezi bila kushuka, hatari ya saratani yake inaongezeka. Hili jambo zito, lakini kwenye mfumo wa bima kidonge ni kidonge cha uzazi wa mpango, hakilipwi. Barua ya daktari haikusaidia. Kichekesho ni kwamba kwenye vituo vya afya vya serikali vidonge hivyo hutolewa bure, vikiwepo. Basi mimi mwenye kadi ya bima nikawa napanga foleni kliniki ya akina mama, katikati ya watoto wanaolia chanjo, nikachukua vyangu nikaenda kazini.

Metformin, ile dawa ya kisukari, ndiyo waliyolipa, baada ya kuulizana. Simu ilitoka Nairobi: mgonjwa ana kisukari? Hana. Basi metformin ya nini? Ikabidi daktari aeleze kwamba wengi wetu mwili hauitikii insulini vizuri, kongosho linatoa insulini zaidi, na hiyo insulini iliyozidi inaichochea ovari itoe homoni za kiume. Insulini hiyohiyo ndiyo iliyoipa shingo yangu weusi usiotoka kwa sabuni. Wakakubali. Ila metformin ya kawaida ni dawa ya bei nafuu. Kelele zilizidi gharama.

Kwenye vipimo vya damu, tezi ya shingo na prolaktini (homoni ya maziwa) vililipwa bila neno. Testosteroni ilidaiwa barua. AMH, homoni inayotoka kwenye vifuko vya mayai ya ovari, ilikataliwa papo hapo kwamba ni kipimo cha uzazi, ingawa mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 unaruhusu kukitumia kwa mtu mzima badala ya ultrasound. Nilimtumia mhudumu wao ukurasa wa mwongozo huo. Akajibu kwa adabu sana kwamba ameupokea.

Programu yao ya simu inafanya kazi. Alama za kidole zinasoma, mikono ikiwa mikavu. Daktari bingwa wa homoni niliyemtaka hakuwa kwenye orodha ya Nakuru. Wangemlipa nikimwona Nairobi, nauli juu yangu.

Baada ya kulalamika yote hayo, haki itendeke. Mwaka wa pili, baada ya miezi mingi bila hedhi (vidonge vilikuwa vimekosekana kituoni nami nikawa sijanunua), damu ilianza na haikukatika. Si ya kubadilisha pedi; ilikuwa ya kushindwa kusimama. Dada yangu alinipeleka hospitali ya kibinafsi usiku. Waliniwekea damu, wakanisafisha mfuko wa uzazi na kupeleka kipande maabara, na nilikuwa wodini siku chache. Idhini ya bima ilifika kabla sijaingizwa chumba cha upasuaji. Msimbo ulikuwa wa kutokwa damu na wa PCOS, muda wa kusubiri ulishapita, na kile kikomo kidogo cha magonjwa sugu kilitosha. Nililipia simu na soda. Bili niliiona, na nawaambia ningeuza cherehani ya mama. Majibu ya maabara yalikuwa mazuri.

Hiyo ndiyo sababu ya hukumu yangu pale juu. Siku hadi siku PCOS ni ugonjwa wa gharama ndogondogo za nje: kumwona daktari, vidonge, kipimo cha sukari kila mwaka mmoja hadi mitatu, labda mtaalamu wa lishe. Na karibu vyote hivyo ama bima inavikataa, ama unavimudu. Ada yangu ya matibabu ya nje ilikuwa zaidi ya shilingi 20,000 kwa mwaka, kwa kikomo cha 50,000, na kila nikimwona daktari nachangia kidogo. Mwaka wa kwanza kwa PCOS sikupata kitu, na wa pili walicholipa hakikufika nusu ya nilichotoa. Kulazwa ndiko kusikopangika, na huko walilipa.

Kwa hiyo wakati wa kufanya upya nikaondoa matibabu ya nje na pesa ile naiweka kando kila mwezi, siigusi ila kwa hospitali. Wakala hakufurahi. Mwenye watoto wadogo asinifuate kichwa kichwa: baridi ya Nakuru ya Julai na vifua vya watoto vitakurudishia ada hiyo kabla mwaka haujaisha.

SHA, bima ya afya ya serikali, ninayo pia, kama sheria inavyotaka. Ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote, na sisi wa kujiajiri tunapimwa kipato na kulipa ya mwaka kwa mkupuo, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Kwa mwenye PCOS faida yake ya karibu ni huduma za nje kwenye zahanati na vituo vya afya. Siioni kama mbadala wa ile ya kibinafsi, naiona kama sakafu yake.

Na ukiwa na PIN ya KRA, mamlaka ya kodi, usisahau nafuu ya kodi: asilimia 15 ya ada ya bima ya afya, hadi shilingi 60,000 kwa mwaka. Unahitaji cheti kutoka kwa kampuni, na ukikaa kimya hawakitumi. Dai likikataliwa kinyume cha kijitabu, andika malalamiko kwa kampuni, wakipuuza peleka IRA, ile mamlaka inayosimamia bima. Mimi sijafika huko. Ile N97 ilikuwa kalamu ya daktari, nisingeshinda.

Aliye bado kwenye bima ya kazini, na anafikiria kuacha kazi, afanye vipimo vyote vya homoni na sukari kabla ya kuandika barua ya kuacha. Baada ya kadi kuzimwa, ni mwaka mzima wa kujilipia.

Kuhusu ndevu: leza ni urembo, hakuna kampuni hata moja kati ya nilizosoma iliyokubali kuilipia. Mimi natumia uzi, kwa dada mmoja wa saluni kule Section 58, ambaye haulizi msimbo.