Mtego wa ngazi kwa kunguru wa Pwani: unanasa kweli, ila usinunue ule mdogo

Anayetafuta mtego wa kunguru kwa ajili ya bustani, banda la kuku au ua wa hoteli atakutana na aina mbili. Kuna kizimba kidogo cha Larsen, chenye asili ya Denmark, ambacho mtu mmoja hukibeba kwa mkono. Na kuna mtego wa ngazi, kizimba ambacho mtu anaingia akiwa amesimama, paa lake limebonyea katikati. Kwa kunguru wa huku Pwani, yule mwembamba mwenye shingo ya kijivu aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili ale taka, wa kununua ni huo mkubwa.

Larsen si mtego mbaya, ila umetengenezwa kwa tabia ya ndege mwingine. Una chumba cha ndege wa chambo na vyumba vya kunasia vyenye vilango vya springi. Huko Ulaya hutumika sana kwa ndege wa jamii hiyohiyo ya kunguru, mweusi kwa mweupe mwenye mkia mrefu, ambaye huishi jozi jozi na kulinda eneo lake. Akimwona mgeni kizimbani huja kumfukuza, akitua tu kilango kinafyatuka. Kunguru wetu hula kwa kundi na kulala kwa kundi, na akimwona mwenzake kizimbani, kwake yeye ni dalili kwamba pana chakula. Kila chumba cha Larsen kikishamnasa mmoja kimejaa. Wenzake waliobaki juu ya mwembe wameona kila kitu, na kesho hawashuki.

Mtego wa ngazi hufuata tabia ya kundi. Kipimo cha chini kinachofaa ni mita 2 kwa 2 kwa kimo cha mita 1.8 hadi 2; ukiweza kurefusha ubavu mmoja ufike mita 3, fanya hivyo. Paa linateremka kutoka pande mbili hadi katikati, na hapo katikati imelazwa ngazi. Nafasi kati ya kipago na kipago iwe sentimita 15 hivi. Kunguru hutua juu ya ngazi, hukunja mabawa na kujidondosha ndani. Kutoka ndiyo shida yake: mabawa yakifunguka yanakaribia sentimita 80 kutoka ncha hadi ncha, na hayapiti kati ya vipago. Akishtuka hupaa kwenda pembe za juu, mbali na ngazi.

Hapo ndipo mafundi wengi wanapokosea. Huweka kijiti cha kutulia katikati ya kizimba, chini ya ngazi, kwa kuwa ndipo panapoonekana pazuri. Kunguru hutua pale, hutazama juu, huruka kwa miguu hadi kwenye kipago na kutoka akitembea. Vijiti vikae kwenye ncha mbili za kizimba, juu kabisa. Kosa la pili ni ngazi iliyo juu mno au paa lililo karibu kuwa bapa; paa lisipoteremka vya kutosha, ndege anayezunguka pembeni huishia kwenye ngazi.

Kuhusu vifaa: fremu ya mbao za 2 kwa 2 ni nyepesi na hurekebishika, lakini ipake dawa ya mchwa. Ya skwea paipu hudumu zaidi, ila chumvi ya bahari hula sehemu zilizochomelewa kwanza, kwa hiyo zikaguliwe na kupakwa rangi mapema. Wavu uwe wa mabati, matundu ya sentimita 2.5. Ule mwembamba wa rahisi hushika kutu haraka karibu na bahari na kunguru hupata pa kupenya. Mlango uwe na komeo la nje, na kizimba kifungwe kwa mambo ardhini, maana upepo wa kusi ukikipata kina uwanja mpana wa kusukuma.

Uvumilivu ndio unaouza au kuua mtego huu. Kunguru huogopa kitu kipya. Weka kizimba mahali wanapokula tayari, acha mlango wazi, na mwaga chambo ndani na nje: utumbo wa samaki, minofu, mkate, mayai. Wape wiki moja au zaidi wazoee kuingia na kutoka, ndipo ufunge mlango. Wakishanaswa wa kwanza, acha watatu au wanne wawe chambo. Hao wanahitaji maji safi, chakula kila siku na pembe moja iliyofunikwa dhidi ya jua. Chambo aliyenyong'onyea hamwiti mtu.

Ukaguzi ni kila siku bila kukosa, kwa sababu mtego hauchagui. Huingia kunguru wa kienyeji mwenye kifua cheupe, ambaye ni mkubwa zaidi na hana kosa, huingia mwewe, kwarara, tetere. Wote hao wafunguliwe papo hapo. Kuwatoa kunguru wenyewe kufanyike jioni, kundi likishaenda kulala, kwa glovu nene na mbali na macho ya wenzao; wakiona mauaji, eneo hilo wataliepuka. Shingo ivunjwe kwa mara moja na mtu anayejua kazi hiyo, mizoga izikwe. Kuwazamisha majini au kuwaacha wafe njaa ni ukatili. Kuwapeleka kijiji cha pili ni kumhamishia jirani tatizo. Na kabla ya yote, pata kibali: Kenya ni KWS, shirika la serikali la wanyamapori, Tanzania anzia ofisi ya wanyamapori ya wilaya.

Matokeo yake? Ndani ya ua mmoja, mazuri. Kunguru hula mayai na makinda ya mnana, shore na chozi, na hunyakua vifaranga mchana kweupe. Wakipungua kabla ya msimu wa viota, tofauti husikika asubuhi. Lakini kwa mji mzima mtego huu ni mdogo mno. Jike hutaga mayai 3 hadi 5, na palipo na jaa wazi pengo hujazwa na wageni. Ndiyo maana Juni 2024 KWS ilitangaza mpango wa kupunguza kunguru milioni 1, kazi inayohusisha sumu maalumu chini ya wataalamu. Sumu hiyo si ya mtu binafsi, na asikudanganye muuzaji yeyote wa vichochoroni.

Wapo wanaomtetea kunguru kwamba ni mfanyausafi. Kweli, utumbo wa samaki sokoni hauozi akiwepo. Ila hubeba uchafu huo na kuudondosha kwenye paa na matangi ya maji, hivyo usafi wake una walakini. 

Kwa shamba la kuku, shule au hoteli yenye mtu wa kukagua kila siku, mtego wa ngazi unastahili fedha. Kwa ua mdogo wa nyumba, wavu juu ya banda la vifaranga na pipa lenye mfuniko vitakusaidia zaidi. Na siku usipoutumia, ng'oa ngazi au acha mlango wazi kabisa, umekazwa kwa waya usijifunge: kizimba kilichosahauliwa huendelea kunasa, na kinachonaswa humo hufa kwa kiu.