Uzi, Aida na Kikatio cha Gurudumu: Tathmini ya Vifaa vya Kudarizi na Kushona Mifarishi Nyumbani

Kudarizi kwa mishono ya msalaba na kushona mifarishi ya viraka ni kazi ambazo hazimaliziki kwa kikao kimoja. Picha yenye misalaba elfu ishirini, au mfarishi wa kutosha kitanda kipana, huchukua miezi, na miezi hiyo haiji kwa mfululizo: huja kwa nusu saa ya jioni, kwa saa moja ya siku ya mapumziko, kisha wiki nzima ikapita bila sindano kushikwa kwa sababu mtoto anaumwa au majukumu mengine yamezidi. Kwa hiyo vifaa ninavyovieleza hapa nimevipima kwa kigezo kimoja kabla ya vingine vyote, nacho ni kama kifaa kinakubali kazi ikatizwe wakati wowote na kuendelezwa baadaye bila hasara. Uzuri, bei na sifa zilizoandikwa kwenye pakiti nimevitazama pia, lakini baada ya hicho.

Nianze na uzi, kwa kuwa ndio unaobeba kazi nzima ya kudarizi. Uzi wa pamba wa kampuni ya DMC unaojulikana kama Mouliné Spécial huuzwa katika mashada ya mita 8, na una nyuzi 6 nyembamba zilizolazwa pamoja kwa ulegevu ili mshonaji azitenganishe na kutumia idadi anayoitaka. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1746 katika mji wa Mulhouse, ambao leo uko Ufaransa, kwa kazi ya kuchapa nakshi kwenye vitambaa vya pamba. Rangi za uzi huu, ukiacha zile zenye mchanganyiko, zimefika 500, na kila rangi ina namba yake isiyobadilika: nyeusi ni 310, nyekundu ni 321, kijani kilichokolea cha majani ni 3345. Ni namba hizo, kuliko hata mng'ao wa uzi wenyewe, zinazonifanya niuweke uzi huu mbele ya mingine. Mtu aliyeishiwa na 3345 katikati ya jani anaweza kununua shada jingine baada ya mwaka, katika duka jingine kabisa, akaendelea palepale alipoachia. Tahadhari yangu ni moja tu: uzi uliotiwa rangi katika mikupuo tofauti unaweza kuachana kidogo mno, kiasi ambacho hakionekani kwenye ua dogo lakini huweza kuonekana kwenye anga au ukuta wa rangi moja. Kwa sehemu pana za namna hiyo ni vyema mashada yote yanunuliwe kwa pamoja. Kwa makadirio, shada moja likitumiwa nyuzi mbili mbili kwenye kitambaa cha mashimo 14 kwa inchi hutoa misalaba 1500 hadi 1800, ikitegemea jinsi mtu anavyobana matumizi ya ncha za uzi.

Mng'ao wa uzi huu haukupakwa juu yake, ndiyo maana hauondoki kwa kuosha. Pamba hutiwa katika maji ya sodiamu haidroksidi, njia iliyogunduliwa na Mwingereza John Mercer katika miaka ya 1840, na nyuzinyuzi zake zilizobapa huvimba na kuwa za mviringo. Mwaka 1890 Horace Lowe aliona kwamba uzi ukivutwa ukiwa umenyooka wakati wa zoezi hilo, huakisi mwanga kwa namna inayokaribia hariri. Nyuzi za bei ya chini zisizo na jina nilizowahi kutumia hazikuwa na ulaini huo: zilitoa manyoya baada ya kupita kwenye kitambaa mara chache, zikajifunga mafundo, na namba zake hazikuweza kutegemewa kutoka shehena moja hadi nyingine. Hilo la mwisho ndilo lisilovumilika, kwa kuwa linamlazimu mshonaji amalize kwa haraka kabla uzi haujatoweka madukani.

Kitambaa cha Aida kinastahili sifa kubwa kuliko inayopewa kwa kawaida na mafundi waliobobea, ambao wengi wao huhamia kwenye kitani na kukiacha Aida kwa wanaojifunza. Nyuzi za mtande, yaani za urefu, na za mshindio, yaani za upana, hufumwa kwa mafungu, na mafungu hayo huunda miraba inayoonekana wazi yenye mashimo kwenye pembe zake, hivyo msalaba mmoja hukaa juu ya mraba mmoja na jicho halihitaji kubahatisha. Namba inayoandikwa kwenye kitambaa ni idadi ya miraba katika inchi moja. Ruwaza, yaani mchoro wa kufuata, yenye upana wa misalaba 140 itatoa picha ya inchi 10, yaani sentimita 25.4, kwenye Aida ya 14, na ruwaza hiyohiyo itatoa sentimita 19.8 hivi kwenye Aida ya 18. Hesabu hii ifanywe kabla ya kukata, na ziongezwe sentimita 7 au 8 kila upande kwa ajili ya fremu. Namba 14 ndiyo ninayoipendekeza kwa kazi ya jioni, kwa nyuzi mbili na sindano butu ya namba 24. Kwa 18 uzi mmoja au miwili hutosha, sindano iwe ya namba 26, na taa iwe nzuri kwelikweli.

Namna ya kushona pia ina sehemu yake katika starehe hii. Uzi wa urefu wa sentimita 45 hivi unatosha. Mrefu zaidi huchakaa kabla haujaisha. Nyuzi zitolewe moja moja kutoka kwenye shada, kisha ziunganishwe tena mbili, kwa sababu zikivutwa mbili kwa pamoja hujisokota na misalaba haijai. Mguu wa juu wa kila msalaba uelekee upande uleule katika picha nzima, la sivyo mwanga utaangukia sehemu moja tofauti na nyingine na uso wa kazi utakuwa na mabaka.

Kuhusu seti zilizokamilika ndani ya boksi, zenye kitambaa, uzi uliokwisha kukatwa, sindano na ruwaza, sina budi kusema kwamba nyingi hazikidhi kigezo changu. Seti moja niliyoinunua, ambayo mtengenezaji wake sitamtaja, ilikuwa na picha nzuri ya ndege, lakini uzi wake ulipangwa kwa herufi zisizolingana na namba za kampuni yoyote, na kijivu cha mbawa kikaisha kabla ya mkia. Hakukuwa na njia ya kukipata kingine. Seti zinazotaja namba za uzi zinazojulikana ni jambo jingine kabisa, na kwa mtu anayeanza ni zawadi nzuri kwa sababu humwondolea kazi ya kuchagua. Kabla ya kununua, asome nyuma ya boksi: kama namba hazipo, airudishe rafuni.

Fremu ya mviringo ya mbao ni nyepesi na hukaza kitambaa vizuri, hasa pete ya ndani ikizungushiwa utepe wa pamba. Hata hivyo haifai kuachwa kwenye kazi. Ikikaa wiki chache huacha alama ya duara iliyobeba vumbi na mafuta ya mikono, na alama hiyo hutoka kwa shida. Kwa hiyo ivuliwe kila baada ya kikao. Kwa kazi kubwa naipenda zaidi fremu ya mabomba ya plastiki yenye vibanio pembeni, kwa kuwa hufunguka kwa sekunde chache na shinikizo lake halikati mistari mikali kwenye kitambaa.

Katika kuchora mistari ya kuongoza, ile inayogawa kitambaa katika visanduku vya misalaba 10 kwa 10, kalamu za wino unaoyeyuka majini ndizo zinazosifiwa sana, nami sizipendekezi kwa kazi ya muda mrefu. Wino huo ukipitiwa na joto la pasi kabla ya kuoshwa unaweza kuganda, na ukikaa miezi mingi huwa mgumu kutoka. Uzi mwembamba wa nailoni, ukipitishwa juu na chini ya kitambaa kila baada ya miraba 10, huchukua muda zaidi kuuweka, lakini husubiri miezi yote inayohitajika kisha huvutwa ukatoka mzima. Mshonaji aliyeacha kazi kwa muda mrefu akirudi huhesabu visanduku tu na kujua alipo.

Sasa mifarishi. Hapa kifaa kilichobadilisha kazi ni kikatio cha gurudumu, ambacho kampuni ya OLFA ya Japani ilikitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1979. Ni mpini wenye wembe wa duara unaozunguka, na wa milimita 45 ndio unaofaa kazi nyingi: hukata matabaka kadhaa ya pamba kwa mpito mmoja, na kwa kuwa kitambaa hakiinuliwi juu ya meza kama kinavyoinuliwa na mkasi, vipande hutoka sawasawa. Hutumiwa pamoja na rula nene ya plastiki angavu na mkeka wa kukatia ambao alama za wembe hujifunga zenyewe. Mkeka huo usiachwe juani wala kuwekewa pasi, kwani ukishapinda kwa joto haunyooki tena. Wembe ufunikwe kila unapowekwa chini, hata kwa dakika moja, kwa maana ukali wake hauchagui kati ya kitambaa na kidole.

Thamani ya usahihi huo huonekana kwenye hesabu ya mishono. Kwa desturi, ukingo wa mshono, yaani sehemu ya kila kiraka inayobaki nje ya mstari wa mshono, katika kazi ya viraka ni robo inchi, yaani milimita 6.35. Chukua safu ya viraka 16, ambayo ina mishono 15. Mshonaji akizidisha ukingo kwa milimita 1 tu, kila mshono humeza milimita 2, na mwisho wa safu huwa mfupi kwa sentimita 3. Safu iliyoshonwa mwezi huu na ile iliyoshonwa miezi minne baadaye zitakutana pembe kwa pembe ikiwa tu vyote viwili, ukataji na ukingo, vimebaki vilevile. Kwa sababu hiyo, kiatu cha cherehani chenye ukuta wa robo inchi naona kina faida kubwa kuliko cherehani lenye mishono mia ya mapambo. Cherehani la mshono mmoja ulionyooka linatosha kabisa. Viraka vya kila aina vihifadhiwe kwenye mfuko wake pamoja na karatasi yenye vipimo, na mishono ipigwe pasi kwa kushindilia chini badala ya kuisukuma huku na huku, maana kusukuma hunyoosha kitambaa na kuharibu pembe.

Tabaka la katikati, lililo kati ya viraka vya juu na bitana ya chini, ndilo linaloamua jinsi mfarishi utakavyokaa mwilini. Pamba tupu ni nzito kiasi, hulala vizuri, na ikioshwa hurudi kwa asilimia 3 hadi 5, hali inayoupa mfarishi mikunjo midogo ambayo mimi naipenda sana. Poliesta haipungui, ni nyepesi na huvimba zaidi, lakini hushika joto kwa namna inayowakera wengi. Jambo la lazima kusomwa kwenye pakiti ni umbali unaoruhusiwa kati ya mstari mmoja wa mishono na mwingine: baadhi ya pamba huvumilia sentimita 20 au zaidi, nyingine hudai 10 au chini ya hapo, na zikipuuzwa hukatikakatika na kukusanyika pembeni baada ya kuoshwa.

Matabaka matatu yakishalazwa, yanapaswa kushikizwa kabla ya kushonwa. Gundi ya kupulizia ni ya haraka, ila huachia ikikaa muda mrefu. Pini za usalama zilizopinda ni imara, nazo nazikubali kwa kazi itakayokamilika ndani ya wiki chache, lakini kwenye hewa yenye unyevu huweza kushika kutu na kuacha madoa ambayo hayatoki. Bandi ya kizamani, yaani mishono mirefu ya muda, iliyopigwa kwa uzi mweupe wa pamba kwa mistari iliyoachana upana wa kiganja, humchosha mgongo anayeipiga, na bado ndiyo ninayoichagua. Mfarishi uliopigwa bandi hukunjwa, hupelekwa kabatini, hutolewa baada ya miezi, na matabaka yake huwa hayajasogea.

Kwa anayeshona matabaka hayo kwa mkono, sindano fupi za namba 9 au 10 na subana, yaani kofia ya kukinga kidole, yenye vishimo vilivyozama ndizo zinazotakiwa. Subana ijaribiwe kwenye kidole cha kati cha mkono unaoshika sindano kabla ya kulipiwa, na ijaribiwe jioni mikono ikiwa na joto, kwa kuwa ile inayotosha asubuhi yenye baridi huweza kubana saa za kazi. Ya ngozi hufaa vidole vinavyotoka jasho, ya chuma hudumu zaidi.